Makaa ya mawe Marekani: kampuni ikiondoka, nani anafukia shimo?

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1965, mjane mmoja wa miaka 61, Ollie Combs, alipanda kilima kilicho juu ya nyumba yake, huko Knott County katika jimbo la Kentucky, Marekani, akaketi chini mbele ya katapila. Mashini ile ilikuwa imekuja kukwangua kilima ili kufikia makaa ya mawe. Mama alikataa kusimama. Polisi wakamshika mikono na miguu, wakamteremsha kama gunia la mihogo na kumpeleka gerezani. Siku ya Thanksgiving, sikukuu ambayo kwa Wamarekani inakaribia Noeli kwa uzito, alikula chakula chake akiwa amefungwa.

Picha ya mama huyo akibebwa ilichapishwa na gazeti la Courier-Journal la mji wa Louisville. Mwaka wa 1967 gazeti hilo lilipewa tuzo ya Pulitzer kwa kampeni yake ya kutaka uchimbaji wa namna hiyo uwekewe mipaka.

Jambo linaloshangaza ni kwamba, mbele ya sheria ya wakati ule, mwenye makosa alikuwa mama. Miaka mingi nyuma, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa milima ile walikuwa wameuza haki ya vitu vilivyo chini ya ardhi kwa bei ya chini sana, huku wao wakibaki na shamba la juu. Waliouza walidhani watu wataingia chini kwa mahandaki na sururu. Hawakuwaza mashini inayoweza kung'oa mlima mzima. Lakini mahakama za Kentucky zilisema mwenye madini anaweza kuharibu shamba lote la juu ili afikie mali yake, tena bila kulipa fidia. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka wa 1988, pale wapiga kura wa jimbo hilo walipobadilisha katiba yao, zaidi ya watu 8 kwa 10 wakisema ndiyo.

Msomaji wa Kolwezi au wa Likasi hatahitaji maelezo marefu hapo. Kwetu, sheria inasema kilicho chini ya ardhi ni cha Serikali, na mwenye kibali ndiye anayekuja kukichukua. Mwenye shamba la mahindi hujua habari siku mashini zinapofika.

Makaa ya mawe, si makala

Tuelewane kwanza. Hapa tunazungumzia makaa ya mawe, jiwe jeusi linalochimbwa na kuchomwa katika viwanda vya umeme na vya chuma, si makala tunayonunua kwa gunia kwa ajili ya jiko. Kongo nayo inayo: Luena katika Haut-Lomami, na upande wa Kalemie kwenye bonde la mto Lukuga, yalichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini kwa ukubwa hatufanani kabisa na Marekani. Mwaka wa 2008 nchi hiyo ilichimba zaidi ya tani bilioni 1, na sehemu kubwa ilitoka kwenye migodi ya juu ya ardhi, yaani ile ambayo haiingii chini kwa mahandaki. Wanakata miti, wanaondoa udongo, wanalipua miamba kwa baruti, halafu wanachota makaa kama mtu anavyochota ugali kwenye sufuria. Kwa kampuni ni haraka, na haihitaji wafanyakazi wengi. Kinachobaki ni shimo, ukuta mrefu wa mwamba uliokatwa wima, na milima ya mchanga na mawe ambayo mvua inaiteremsha mitoni.

Kisha kuna maji. Makaa mengi yanakaa pamoja na jiwe lenye salfa. Jiwe hilo likikutana na hewa na maji linazaa asidi, na mto unageuka rangi ya kutu. Samaki wanakufa. Maji ya namna hiyo yanaweza kuendelea kutoka kwenye mgodi uliofungwa kwa miaka kumi, hamsini, mia moja, hata kama aliyeuchimba amekwisha kuzikwa.

Kabla ya mwaka wa 1977 kila jimbo la Marekani lilikuwa na sheria yake, na nyingi zilikuwa dhaifu. Gavana aliyejaribu kukaza aliambiwa kampuni zitahamia jimbo la jirani. Wimbo huo sisi pia tunaujua.

Asubuhi ya Buffalo Creek

Tarehe 26 mwezi wa pili mwaka wa 1972, saa mbili asubuhi, bwawa lililojengwa kwa mabaki ya makaa lilipasuka juu ya bonde la Buffalo Creek, katika jimbo la West Virginia. Maji meusi yalishuka bondeni na kupitia kijiji baada ya kijiji. Watu 125 walikufa. Zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, na kwa wakaaji 5,000 hivi wa bonde hilo, 4,000 walibaki bila nyumba. Kampuni mama, Pittston, ilisema hayo ni matendo ya Mungu. Serikali ya jimbo iliishtaki ikidai dola milioni 100. Mwaka wa 1977, gavana Arch Moore, siku chache tu kabla ya kuacha madaraka, alikubali kufunga kesi hiyo kwa dola milioni 1.

Kwenye bunge la taifa mjini Washington, mswada wa kudhibiti uchimbaji wa juu ulipitishwa mara mbili, na mara mbili rais Gerald Ford aliukataa, mwaka wa 1974 na mwaka wa 1975. Sababu yake ilikuwa ajira na nishati: nchi ilikuwa imetoka kwenye shida ya mafuta, na makaa yalionekana kuwa mkombozi. Jimmy Carter ndiye aliyetia sahihi, tarehe 3 mwezi wa nane mwaka wa 1977. Hata siku hiyo alisema angependa sheria kali kuliko ile.

Pesa kwanza, shimo baadaye

Sheria ya 1977 ina kurasa nyingi, na sehemu kubwa yake inawahusu mainjinia. Lakini moyo wake mtu yeyote aliyewahi kumkopesha jirani anaweza kuuelewa. Kabla kampuni haijachimba, inaweka dhamana. Kiasi chake kinahesabiwa kwa swali moja: kampuni hii ikitoweka kesho, Serikali itahitaji pesa ngapi kumtafuta mtu mwingine aje amalize kazi ya kufukia? Kiasi hicho ndicho kinachowekwa. Bila hicho, hakuna kibali.

Kurudisha pesa hizo kunafanyika polepole. Shimo likifukiwa, ukuta wa mwamba ukafunikwa na ardhi ikarudishiwa umbo linalokaribia lile la zamani, kampuni inaweza kurudishiwa hadi asilimia 60. Majani na miti yakishika, inaongezewa. Sehemu ya mwisho inangoja. Kule kwenye mvua ya kutosha, inangoja miaka 5 tangu mara ya mwisho kupanda mbegu. Kwenye majimbo makavu ya magharibi, ambako mvua haifiki sentimita 66 kwa mwaka, inangoja miaka 10. Hapo ndipo penye akili ya sheria hii, kwa maoni yangu: kupanda majani kwa ajili ya siku ya sherehe na kamera ni rahisi, kuyakuta bado yako hai baada ya miaka 10 ni kazi nyingine.

Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, unatolewa peke yake na kuwekwa kando ili urudishwe juu mwishoni. Hairuhusiwi kuutupa pamoja na mawe. Kuchimba ndani ya futi 300, yaani mita 90 hivi, kutoka nyumba inayokaliwa na watu ni marufuku, isipokuwa mwenye nyumba amekubali. Kwa barabara ya umma na makaburi ni futi 100, karibu mita 30. Anayekaa chini ya nusu maili kutoka eneo la kibali anaweza kudai nyumba yake ikaguliwe kabla ya baruti ya kwanza, ili siku ukuta utakapopasuka pasiwe na mabishano kama ufa ulikuwepo.

Jambo ambalo wengi wanalisahau ni nafasi aliyopewa raia. Kampuni inayoomba kibali lazima itangaze katika gazeti la mahali hapo wiki nne mfululizo. Nakala ya maombi inawekwa mahali pa umma, kwa kawaida kwenye jengo la mahakama ya eneo, na mtu yeyote anaweza kuingia na kuisoma. Mkaaji akiona kosa anaandika barua, mkaguzi anatumwa, na huyo aliyeandika ana haki ya kuingia mgodini pamoja na mkaguzi. Mwisho, kampuni inapoomba kurudishiwa dhamana, jirani anaweza kupinga na kudai kikao cha wazi. Fikiria mkulima wa viazi akisimama mbele ya mainjinia na kusema: hapana, kisima changu bado ni kichafu, msiwape pesa zao.

Kampuni zilikimbilia mahakamani zikidai Washington inaingilia mambo ya majimbo. Mwaka wa 1981 Mahakama Kuu ya Marekani ilizikatalia, majaji wote wakiwa na sauti moja.

Mashimo yasiyo na mwenyewe

Lakini dhamana inahusu mgodi mpya. Yale ya zamani je, yaliyoachwa na watu waliokwisha kufa na kampuni zilizokwisha kufungwa? Kwa hayo sheria iliweka tozo juu ya kila tani inayochimbwa leo. Mwanzoni ilikuwa senti 35 kwa tani ya mgodi wa juu, senti 15 kwa ile ya chini ya ardhi. Kiasi hicho kimepunguzwa mara kadhaa. Tangu mwaka wa 2021 ni senti 22 na kidogo kwa tani ya mgodi wa juu. Kwa njia hiyo mgodi ulio hai unalipia kaburi la mgodi uliokufa.

Ni wazo zuri lenye tatizo moja ndani yake. Tani zikipungua, mfuko nao unapungua. Marekani, iliyochimba zaidi ya tani bilioni 1 mwaka wa 2008, mwaka wa 2023 haikufika hata milioni 600. Gesi na umeme wa jua na upepo vimechukua nafasi. Mashimo ya zamani hayakupungua kwa sababu hiyo. Ndiyo maana mwaka wa 2021 bunge liliingiza katika sheria ya miundombinu dola bilioni 11.3 kutoka hazina ya taifa kwa ajili ya migodi iliyoachwa, zigawanywe kwa miaka 15. Kwa maneno mengine, mlipa kodi wa kawaida, ambaye pengine hajawahi kuona mgodi, ameitwa kusaidia kulipa.

Milima iliyokatwa kichwa

Nani atasema sheria hii iliokoa milima ya Appalachia? Si mimi. Ilisema ardhi irudishiwe umbo lake, kisha ikaacha mlango: mlima unaweza kukatwa kichwa na kubaki bapa, kama pale patawekwa kiwanda, shamba au makao. Kuanzia miaka ya 1990 mashini kubwa zilipita katika mlango huo. Mawe yaliyotolewa juu yalimwagwa katika mabonde ya pembeni, na chini ya mabonde hayo kulikuwa na vijito. Wizara ya mazingira ya Marekani ilihesabu zaidi ya kilomita 1,900 za vijito vilivyoguswa na kazi hiyo kati ya mwaka wa 1992 na 2002. Kanuni mpya ya kulinda mito ilitoka mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2016, rais Barack Obama akiwa karibu kuondoka. Miezi miwili baadaye bunge liliifuta, na rais Donald Trump akatia sahihi.

Hata pale shimo lilipofukiwa vizuri, matokeo hayakuwa msitu. Kwa kuogopa maporomoko, kampuni zilishindilia udongo kwa mashini mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Majani yalishika haraka, mkaguzi akaridhika, dhamana ikarudi. Mti ukipandwa pale, mizizi inagonga ukuta. Wataalamu wa misitu walilalamika kwa muda mrefu, na mwaka wa 2004 ofisi ya taifa na majimbo ya Appalachia walianzisha mpango wa pamoja unaoshauri kinyume: acha udongo na mawe ya juu yakiwa yamelegea, angalau kina cha mita 1.2, usipitishe mashini mara nyingi, panda miti ya pale pale. Mahali pengine wanalazimika kurudi kwenye ardhi iliyokwisha kuhesabiwa kuwa imetengenezwa na kuipasua upya kwa meno ya chuma.

Dhamana ya maneno

Pigo kubwa zaidi lilitoka mahali ambapo watu wachache walikuwa wanaangalia. Sheria iliruhusu kampuni tajiri ijidhamini yenyewe: isiweke pesa benki, isilipe bima, ionyeshe tu vitabu vyake na kusema, mnatuona, sisi ni wakubwa, tutalipa. Wyoming, jimbo linaloongoza kwa makaa nchini humo, lilikubali ahadi za namna hiyo kwa mamia ya mamilioni ya dola.

Halafu bei ikaanguka. Alpha Natural Resources iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi wa nane mwaka wa 2015. Arch Coal ilifuata mwezi wa kwanza mwaka wa 2016, na Peabody, kampuni kubwa kuliko zote, mwezi wa nne. Ahadi ya Alpha kwa Wyoming ilikuwa ya dola milioni 411. Mbele ya wadai wengine waliojipanga mstari, jimbo lilikubaliana kutangulizwa kwa dola milioni 61 tu. Bahati ni kwamba migodi ile haikufungwa siku hiyo, na kampuni zile zilipotoka mahakamani ziliweka dhamana za kweli. Mwaka wa 2019 Wyoming ilikaza kanuni zake.

Mwaka huo huo, mwezi wa saba, kampuni ya Blackjewel ilianguka kwa siku moja. Wafanyakazi wa Harlan County, Kentucky, walikuta mishahara iliyokwisha kuingia benki imerudishwa nyuma. Wakaenda kukaa juu ya reli, mbele ya treni iliyojaa makaa waliyoyachimba wenyewe, na wakabaki pale kwa wiki kadhaa, wake na watoto wakileta chakula. Kampuni isiyoweza kumlipa mchimbaji wa jana haitamlipa wa kufukia shimo la kesho.

Katanga inasoma nini hapa

Mgodi wa Étoile, ambao wazee wa Lubumbashi wanauita Kalukuluku, ulianza kuchimbwa na Union Minière mwaka wa 1911. Miaka zaidi ya 110 ya mashimo ya wazi: shaba, kisha kobalti. Kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya mbali.

Kwenye karatasi, RDC haiko nyuma. Sheria ya madini ya mwaka wa 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka wa 2018, inamtaka mwenye kibali alete mpango wa mazingira na atoe dhamana ya pesa kwa ajili ya kutengeneza ardhi. Sheria ya 2018 inakwenda mbali zaidi: kampuni inawajibika kwa madhara ya kazi yake kwa watu na mazingira hata kama haikufanya kosa. Katika mrabaha wa madini, asilimia 50 inakwenda Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utawala wa kimila wa mahali, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Lakini mfuko huo wa vizazi si ule wa senti 35. Marekani iliandika wazi kwamba kila tani ya leo inafukia shimo la jana. Mabaki ya zamani ya Gécamines yangehitaji neno la wazi namna hiyo.

Umbali na nyumba ni jambo jingine. Mwezi wa tisa mwaka wa 2023, Amnesty International pamoja na shirika la Kikongo IBGDH walitoa ripoti juu ya wakaaji wa Kolwezi na maeneo ya jirani waliofukuzwa kwenye makao yao kwa sababu ya migodi kupanuka. Mjini Kolwezi shimo na mtaa vinapakana. Mita 90 za Kentucky, zenye idhini ya mwenye nyumba, pale zingekuwa mapinduzi.

Na dhamana? Swali ambalo mkaaji wa Fungurume au Kambove anaweza kuliuliza ni lile lile la mtu wa Wyoming: ni kiasi gani, kiko benki gani, na kilihesabiwa kwa bei ya mwaka gani? Mtu wa Wyoming anaweza kwenda ofisini na kuonyeshwa karatasi. Kwetu, takwimu hiyo ingebandikwa tu ukutani kwenye ofisi ya komini, majina ya mgodi upande huu, kiasi upande ule, waandishi wa habari na mashirika ya kiraia wangefanya kazi iliyobaki.

Haraka ipo, kwa sababu kobalti nayo inapanda na kushuka. Mwezi wa nane mwaka wa 2019, Glencore ilitangaza kuufunga mgodi wa Mutanda, uliokuwa mkubwa kuliko yote duniani kwa kobalti, na sababu ya kwanza ilikuwa bei. Maelfu ya familia za Kolwezi zilipata habari hiyo kabla ya mwisho wa mwaka. Mwezi wa pili mwaka wa 2025 bei ilikuwa chini tena, hata Serikali ikasimamisha kupeleka kobalti nje, na tangu mwezi wa kumi mwaka huo kila kampuni imewekewa kiasi chake. Mutanda ulifunguliwa tena baada ya miaka miwili hivi. Mwenye mgodi bado alikuwepo, na pesa alikuwa nazo.